Santuri za Stoo Hazilii Vizuri: Dalili, Chanzo na Tiba Yake

Sanduku limetoka stoo, vumbi limepanguswa, na ndani yake zimo santuri, pengine na mashine yake, kaseti kadhaa, mabango yaliyokunjwa na mkebe wa filamu. Kinachofuata kinajulikana: plagi inachomekwa, sindano inashushwa, na kinachotoka ni mkwaruzo, mvumo au kimya. Hapo hukumu hutolewa upesi kwamba santuri zimekwisha. Mara nyingi hukumu hiyo si ya haki. Santuri iliyokaa miaka hamsini imesimama ndani ya jalada lake, mahali pakavu, hubadilika kidogo sana. Kilichochoka ni mpira, grisi, viungio vya waya na sindano, na vyote hivyo viko upande wa mashine. Basi katika kila dalili hapa chini, mshukiwa wa kwanza ni sindano na mashine. Santuri inashitakiwa mwisho.

## Kabla hujachomeka plagi

Soma maandishi ya nyuma ya mashine. Volti zilizoandikwa zilingane na umeme wa nyumba yako. Mashine nyingi za zamani zina swichi ndogo ya kuchagua kati ya 110 na 220, na mtu wa mwisho kuigusa huenda aliishi nchi nyingine. Chombo cha volti 110 kikipewa 230 kinaweza kuungua papo hapo.

Pitisha macho kwenye waya wa umeme kutoka plagi hadi unapoingia ndani ya mashine. Ganda lililokauka na kupasuka, sehemu iliyotafunwa na panya, au waya uliofungwa kwa utepe wa gundi wa karatasi, vyote vinatosha kuahirisha jaribio mpaka waya ubadilishwe.

Kisha sindano. Itazame kwa kioo cha kukuzia na mwanga mzuri. Kijiti chake kiwe kimenyooka, na nchani kuwe na kito kidogo kinachometa. Sindano iliyovunjika ikishushwa hukata kuta za mfereji wa santuri, ile njia nyembamba inamopita sindano, na mfereji uliokatwa haurudi. Kwa sababu hiyo, santuri ya kwanza kuchezwa kwenye mashine usiyoijua iwe ile ambayo hutalia ikiharibika.

Mwisho, tambua santuri yako ni ya aina gani. Zile nzito, ngumu, zinazovunjika zikianguka, na lebo yake ikasema 78, yaani mizunguko 78 kwa dakika, nyingi zimetengenezwa kwa shelaki, utomvu mgumu wa asili. Zile zinazopinda kidogo mkononi ni za vinili, aina ya plastiki: LP ya mwendo wa 33⅓ iliyoletwa na Columbia mwaka 1948, na ile ndogo ya 45 ambayo RCA Victor ilijibu nayo mwaka 1949. Kuna aina ya tatu ambayo watu huipita bila kuijua: santuri iliyokatwa moja moja, yenye bamba la alumini ndani na utando mweusi juu. Chungulia ukingo wa tundu la katikati. Ukiona chuma kinang'aa na lebo imeandikwa kwa mkono au kwa taipureta, uwezekano ni mkubwa kwamba unachoshika ni rekodi pekee ya sauti hiyo duniani.

Acha hapo: santuri ya alumini yenye utando unaopasuka, unaobanduka, au wenye ungaunga mweupe wa mafuta isichezwe wala kuoshwa. Iache mikononi mwa mhifadhi wa sauti anayeweza kuinakili.

Na onyo ambalo halina mjadala: gramafoni ya kuzungushwa kwa mkono wa manivela hubeba zaidi ya gramu 100 juu ya sindano ya chuma. LP ya vinili ikiwekwa hapo huharibika kwa mchezo mmoja. Gramafoni hizo ni za santuri za 78 tu, na sindano yake ya chuma hubadilishwa kila upande unapokwisha.

## Sinia halizunguki kabisa

Mashine isipoonyesha dalili yoyote ya uhai, anza na soketi ya ukutani, kisha fyuzi ya plagi, kisha fyuzi ya mashine. Nyingine haziwashi mota mpaka mkono wa sindano usogezwe kuelekea santuri, na watu wengi wamempelekea fundi mashine nzima kabisa kwa kutolijua hilo.

Ikiwa mota inasikika lakini sinia, lile duara linalobeba santuri, limetulia, liinue. Kwenye mashine ya belti utakuta mojawapo ya mambo matatu: belti imechomoka, imekatika, au imegeuka uji mweusi unaonata. Uji huo usiushike ovyo, maana hupaka kila kitu. Ufute kwa spiriti ya aisopropili kwenye pamba, safisha gurudumu la mota na sehemu yote belti inapopita, kisha weka belti mpya ya urefu uliopangwa kwa modeli hiyo. Belti ya kubahatisha hukupa mwendo wa kubahatisha.

Kama hakuna belti bali kuna gurudumu la mpira linalogusa ukingo wa sinia kwa ndani, huenda mpira umekauka na kung'aa. Usafishe kwa spiriti hiyohiyo, kisha uukwangue kidogo sana kwa msasa laini ili ushike. Mpira uliopasuka au wenye bonde haukwanguliwi, hubadilishwa.

Sinia likiwa zito hata kwa mkono, grisi ya ekseli imeganda. Futa ile ya zamani yote kabla ya kutia tone moja au mawili ya mafuta mepesi ya mashine. Mafuta ya kupikia na yale ya kupuliza yanayolegeza kutu hayana kazi hapa.

Acha hapo: mota ikitoa joto kali, harufu ya kuungua, au moshi mweupe wenye harufu mbaya, chomoa plagi ukutani. Kapasita za zamani zinazokaa kwenye njia ya umeme wa nyumba hupasuka ganda kwa umri, zikavuta unyevu, na hulipuka dakika chache baada ya kuwashwa hata kama mashine ilionekana nzima. Hiyo ni kazi ya fundi wa vyombo vya umeme.

## Inazunguka, lakini waimbaji wamebadilika sauti

Sauti nzito ya kuburuta, au ya juu kama ya katuni. Kabla ya kufungua chochote soma lebo, kwa sababu ukubwa wa santuri hausemi kweli siku zote. Santuri ya sentimita 30 kwa kawaida ni ya 33⅓, lakini tangu miaka ya 1970 zimetoka nyingi za ukubwa huo zinazotaka 45, hasa zile za disko. Na zile zilizorekodiwa mwanzoni kabisa mwa karne ya 20 ziliitwa 78 kwa mazoea. Nyingine zilikatwa kwa mwendo wa 70 na kitu, nyingine zaidi ya 80, kila kampuni na mwendo wake.

Lebo ikiwa sawa, pima. Bandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sinia, weka saa, uhesabu. Kwenye 33⅓ sinia litimize mizunguko 100 kamili kwa dakika 3. Hesabu hiyo ni nyepesi, na haidanganyi kama zile nukta za ukingoni ambazo huonekana kutulia zikimulikwa na taa inayowaka kwa mapigo ya umeme wa nyumba. Nukta hizo chini ya taa nyingi za LED hazikuambii kitu.

Sasa tazama tofauti yenyewe ni kiasi gani, kwa kuwa inakutajia chanzo.

Mwendo ukiwa chini au juu kidogo, asilimia moja au mbili, ni belti iliyolegea au skrubu ya kurekebisha mwendo, ambayo mara nyingi hujificha chini ya sinia au chini ya mashine.

Mwendo ukiwa chini kwa karibu asilimia 17, ukapata mizunguko kama 28 badala ya 33, huo si ugonjwa. Mashine yako ilitengenezewa nchi ya umeme wa Hezi 60, kama Marekani, na sasa inakula umeme wa Hezi 50. Mota za aina hiyo hufuata mapigo ya umeme, si volti, kwa hiyo transfoma ya kushusha volti haitasaidia. Kinachotakiwa ni gurudumu la mota la kipimo kingine, ikiwa mtengenezaji aliwahi kulitoa. Ikienda kinyume chake, mashine ya Hezi 50 kwenye umeme wa 60, mwendo hupanda kwa asilimia 20.

Mwendo unaopanda na kushuka wenyewe kwa wenyewe kwenye mashine ya mota ya moja kwa moja, isiyo na belti, mara nyingi ni kidhibiti mwendo kilichoshika vumbi ndani. Kizungushe mwanzo hadi mwisho mara nyingi mashine ikiwa imezimwa; wakati mwingine hiyo tu inatosha. Isipotosha, tatizo liko kwenye saketi.

Kuyumba kunakofuata mzunguko, kupanda na kushuka mara moja kila sinia likizunguka, kuna mtego ndani yake. Tazama mkono wa sindano kwa juu. Ukiwa unatikisika kulia na kushoto kwa mpigo uleule, tundu la santuri halikutobolewa katikati kabisa, na mashine haina kosa. Jaribu santuri nyingine uthibitishe kabla hujaagiza belti.

## Sauti ni ndogo mno, nyembamba, haina besi

Hili ndilo lalamiko linalojirudia kuliko yote, na karibu kila mara hakuna kilichoharibika.

Katriji, kile kidude kinachoshika sindano mwishoni mwa mkono na kugeuza mtikisiko wake kuwa umeme, ikiwa ni ya kawaida ya sumaku hutoa umeme wa milivolti 3 hadi 5 hivi. Redio au spika yenye soketi ya AUX inatazamia karibu mara mia ya hapo. Isitoshe, santuri hukatwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti za juu zikiwa zimeongezwa, kwa kanuni iliyokubaliwa na makampuni ya Marekani mwaka 1954 na kuenea baadaye kote. Chombo cha kuchezea ndicho kinachorudisha besi mahali pake. Kazi hizo mbili, kukuza na kurudisha besi, hufanywa na priamplifaya ya fono. Usipokuwa nayo utasikia muziki kwa mbali, kama uliovuja kutoka chumba cha pili.

Kwa hiyo tazama nyuma ya amplifaya: ipo soketi iliyoandikwa PHONO? Chomeka hapo. Haipo? Tafuta swichi nyuma ya mashine ya santuri yenyewe, iliyoandikwa PHONO na LINE. Iweke LINE, uchomeke kwenye AUX. Vyote viwili vikikosekana, nunua priamplifaya ndogo ya nje.

Kinyume chake pia hutokea. Sauti kubwa mno, imepasuka, besi inazomea: umekuza mara mbili, swichi iko LINE na waya uko kwenye PHONO. Au mashine yako ni ile ya bei nafuu yenye katriji ya kauri, ambayo hutoa mamia ya milivolti na haikuhitaji priamplifaya tangu mwanzo.

Mashine nyingi za Ulaya za miaka ya 1960 na 1970 zina plagi ya duara yenye pini tano. Usiikate. Vipo viungio vya kuigeuza kuwa plagi za kawaida mbili, na mashine isiyokatwa waya ina thamani zaidi siku ukitaka kuiuza.

## Upande mmoja umenyamaza

Kwanza hakikisha kitufe cha kugawa sauti kulia na kushoto kwenye amplifaya kiko katikati. Halafu badilisha plagi mbili za mashine pale kwenye amplifaya: nyekundu iende ilikokuwa nyeupe, nyeupe ilikokuwa nyekundu.

Kimya kikihamia spika ya pili, tatizo liko kwenye mashine ya santuri au waya wake. Kikibaki palepale, mashine haina hatia. Tafuta kwenye amplifaya au spika. Nusu ya kazi imekwisha na bado hujashika bisibisi.

Kwa upande wa mashine, mshukiwa mkuu ni uchafu. Chomoa kichwa cha mkono kama kinachomoka, sugua pini zake taratibu kwa kifutio cha penseli, rudisha. Kisha tazama zile nyaya nne nyembamba nyuma ya katriji: nyeupe na bluu ni za kushoto, nyekundu na kijani za kulia. Iliyochomoka irudishwe kwa kibanio, mashine ikiwa imezimwa, kwa kushika kile kidude cha chuma na si waya wenyewe. Usitie bati ya kuunganishia moja kwa moja kwenye pini za katriji. Joto hupita ndani na kuua koili.

## Mvumo usiokoma

Swali la kwanza: je, upo hata sinia likiwa limesimama? Ukiwepo, ni wa umeme. Ukija tu linapozunguka, ni wa mota, ekseli au gurudumu la mpira, na tiba yake imeelezwa juu.

Mvumo wa umeme hutokana na haya, kwa mpangilio wa jinsi yanavyotokea:

1. Waya mwembamba wa ethi, unaotoka pamoja na plagi mbili za sauti, haujafungwa kwenye skrubu ya ethi ya amplifaya. Ufunge.
2. Plagi za sauti zimelegea au zina kutu. Zizungushe zikiwa ndani, au uzifute.
3. Mashine imekaa juu au kando ya amplifaya, karibu na transfoma yake. Isogeze uone kama mvumo unapungua.
4. Waya wa sauti unatembea sambamba na wa umeme. Watenganishe, au wapishane kwa pembe.
5. Waya mmoja kwenye katriji umekatika.

Mlio unaoanza chini na kukua kadiri unavyoongeza sauti, hadi ukawa mngurumo, ni jambo jingine. Spika zimewekwa meza moja na mashine, sindano inasikia mtikisiko wa spika na kuurudisha. Tenganisha meza.

Acha hapo: ukihisi umeme kidogo ukigusa chuma cha mashine au amplifaya, zima na usiguse tena. Usikate wala kuziba pini ya ethi ya plagi ya ukutani ili kuondoa mvumo. Ushauri huo hupita mdomo kwa mdomo, nao umeua watu. Na amplifaya au redio ya valvu isifunguliwe na asiye fundi hata ikiwa imechomolewa: kapasita zake zinaweza kushika mamia ya volti. Televisheni ya kioo kikubwa cha zamani ni mbaya zaidi. Ya rangi hufika zaidi ya volti 20,000.

## Sindano inaruka au inarudia neno lilelile

Kabla ya yote, futa sindano. Tumia brashi laini, kutoka nyuma kwenda mbele, kamwe si ubavuni. Donge la vumbi lisiloonekana kwa macho linatosha kuinyanyua. Halafu tazama kama mashine imekaa sawa kwa kutumia pimamaji juu ya sinia.

Ikiendelea, shughulikia uzito. Katriji nyingi za sumaku hutaka gramu 1.5 hadi 2. Za kauri huweza kutaka mara mbili ya hapo au zaidi. Namna ya kupima: weka kidhibiti cha mvuto wa pembeni (anti-skate) kwenye sifuri, zungusha uzani wa nyuma mpaka mkono uelee sambamba na sinia, usipande wala kushuka. Hapo geuza pete yenye namba isomeke sifuri bila kugeuza uzani, kisha zungusha vyote pamoja hadi gramu zinazotakiwa. Rudisha kidhibiti cha mvuto kwenye namba hiyohiyo. Mizani ndogo ya kielektroniki ya sindano ni ya uhakika zaidi, na kwa yeyote mwenye santuri zaidi ya chache ningesema ni lazima.

Watu huogopa uzito mkubwa na kuweka mdogo mno, wakidhani wanailinda santuri. Sindano nyepesi kupita kiasi hupoteza mfereji, ikadundadunda na kupiga kuta zake, na madhara yake hupita yale ya robo gramu iliyozidi. Ila sarafu iliyobandikwa juu ya kichwa cha mkono ni kuficha dalili tu. Itoe.

Kama inaruka mahali pamoja pa santuri moja tu, sasa santuri inaweza kushitakiwa. Mulika taa kwa ubavu. Doa au chembe iliyoganda itatoka kwa maji, kwa subira. Mkwaruzo unaohisiwa kwa ukucha hautoki.

## Mikwaruzo na vishindo vidogovidogo

Sikiliza mpangilio wake. Mlio unaokuja kila baada ya sekunde 1.8 kwenye LP, au sekunde 1.3 kwenye 45, ni mzunguko mmoja wa sinia: kuna mkwaruzo unaokatisha mifereji, nao ni wa kudumu. Vishindo visivyo na mpangilio ni vumbi na umeme tuli, na hivyo vinatibika. Shuu nzito ya mfululizo kwenye santuri ya 78 ni shelaki yenyewe. Ilichanganywa na unga wa mawe ili kuhimili sindano za chuma, na haitanyamaza.

Anza na brashi ya nyuzi za kaboni, santuri ikizunguka, brashi ikigusa tu. Ikitosha, usiende mbali zaidi.

Isipotosha, osha. Maji yawe yaliyotoneshwa, yasiyo na chumvi, na tone moja la sabuni ya maji isiyo na manukato kwa lita moja. Funika lebo. Tumia kitambaa laini kisichoacha nyuzi, upitishe kwa kufuata mzunguko wa mifereji, usikatishe. Suuza kwa maji yaliyotoneshwa peke yake, maana sabuni iliyokaukia mferejini ni uchafu mpya. Isimamishe ikauke kabisa, kisha uiweke kwenye bahasha mpya ya ndani. Ile ya zamani imejaa vumbi ulilolitoa sasa hivi.

Spiriti isiguse shelaki hata kidogo. Inaiyeyusha, na uso unaokuwa na ukungu hapo haung'ai tena. Santuri za 78 zioshwe kwa haraka na kukaushwa kwa haraka. Ile mbinu ya kumwaga gundi ya mbao juu ya santuri na kuibandua ikikauka inapendeza kwenye video, nami siipendekezi: kipande kikibaki mferejini umebadilisha vumbi kwa gundi.

Umeme tuli husumbua chumba kikiwa kikavu. Utaujua kwa namna santuri inavyoinuka na mkeka wake na kuvuta vumbi upya mara tu unapolifuta. Bahasha za ndani zisizo za karatasi tupu, zile za kupambana na umeme tuli, hupunguza sana.

Ungaunga mweupe au madoa ya mviringo ni ukungu. Fanya kazi hiyo nje, kwa barakoa na glavu, uzitenge na nyingine, na bahasha za ndani zitupwe. Mwenye pumu amwachie mtu mwingine. Kuna pia utusitusi wenye umbo la bahasha ya plastiki laini iliyoshikana na santuri kwa miaka. Huo ni kemikali ya plastiki iliyohamia kwenye vinili, na kuosha mara nyingi hakuufuti.

## Sauti imepasuka, hasa nyimbo za mwisho wa upande

Ikipasuka nyimbo zote: sindano imechoka, au ina pamba ya vumbi. Ya almasi hudumu kati ya saa 500 na 1,000. Ya yakuti, ambayo ilikuja na mashine nyingi za bei nafuu, ni muda mfupi zaidi kwa mbali. Kwa mashine ya stoo, usihesabu saa. Badilisha tu.

Ikipasuka kuelekea katikati pekee, hesabu inaeleza. Ukingoni mwa LP mfereji hupita chini ya sindano kwa karibu sentimita 51 kwa sekunde. Karibu na lebo ni kama sentimita 21. Habari ileile imebanwa mahali padogo, na kasoro yoyote ya mpangilio wa katriji hujitokeza hapo. Pakua karatasi ya kupangia katriji, ichapishe kwa kipimo kamili, unyooshe katriji kwa kufuata mistari yake.

Ikipasuka kwenye santuri moja tu hata kwa sindano mpya iliyopangwa vizuri, mtu fulani zamani aliicheza kwa sindano mbovu. Mifereji yake huonekana ya kijivu ukiimulika. Hakuna tiba.

Ikiwa ni ya 78 inayochezwa kwa sindano ya LP, tatizo ni kipimo. Ncha ya sindano ya 78 ni nene mara tatu hadi nne. Ile nyembamba hukaa chini kabisa ya mfereji, kwenye taka. Katriji nyingi zina sindano ya 78 inayonunuliwa peke yake.

## Santuri imepinda

Iweke, itazame. Kama sindano inapanda na kushuka lakini hairuki na sauti haiyumbi, iache ilivyo. Kama inaruka, iweke ndani ya bahasha safi kati ya vioo viwili bapa vizito, mahali pa joto la kawaida, kwa majuma. Matokeo ni ya bahati. Oveni, pasi na kikausha nywele huondoa mpindo na sauti pamoja. Vinili huanza kulegea kwenye joto ambalo gari lililofungwa juani hulifikia. Zipo mashine maalumu za kunyoosha kwa joto linalodhibitiwa, na kwa santuri ya thamani nenda kwa mwenye nayo. Shelaki iliyopinda isilazimishwe, huvunjika.

## Vingine vilivyomo sandukuni

Kaseti: vunja kwanza vile vidude viwili vya ukingoni ili isirekodiwe juu yake kwa bahati mbaya. Angalia kama kipande cha sponji chenye bamba la shaba katikati ya mdomo wake bado kipo. Kikiwa kimebanduka, sauti itakuwa hafifu. Peleka utepe mbele na urudishe hadi mwanzo mara moja kabla ya kucheza. Sauti butu husafishwa kwa spiriti ya aisopropili kwenye hedi ya deki, na gurudumu la mpira lifutwe pia. Deki ikitafuna utepe, ni belti au gurudumu hilo. Utepe unaopiga kelele ya kukwaruza na kuacha uchafu wa kahawia kwenye hedi uondolewe papo hapo. Gundi yake imeoza. Tepu nyingi za magurudumu (reel) za miaka ya 1970 na 1980 zina ugonjwa huu, na hutibiwa kwa kupashwa joto dogo kwa saa nyingi na wataalamu. Kanda ya video yenye ukungu isiingizwe kwenye mashine, itachafua na zote zinazofuata.

Mabango na vitabu vya katuni: usitumie utepe wa gundi kuunga, usiweke plastiki ya kubandika kwa joto. Bahasha isiyo na asidi na giza vinatosha. Picha zilizoshikana zisibanduliwe kwa nguvu. Mhifadhi wa karatasi anaweza kuziokoa.

Filamu: mkebe ukifunguliwa na kutoa harufu ya siki, filamu ya asetati imeanza kuoza. Itenge na nyingine, iweke mahali pa baridi na pakavu, na inakiliwe mapema. Filamu za milimita 8 na 16 huwa na hatari hiyo tu. Ile ya milimita 35 ya hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950 inaweza kuwa ya nitrati, ambayo hutoa oksijeni yake yenyewe inapowaka na haizimiki kwa maji wala kwa kufunikwa. Ikiwa inanata, ina mapovu au unga wa kahawia, usiizungushe, usiiweke kwenye projekta, usiisafirishe. Funga mkebe bila kuukaza, uutoe mbali na joto na vyumba vya watu, kisha piga simu kwa hifadhi ya filamu au zimamoto waje wenyewe.